Mfongo Uliokauka: Naitriki Oksaidi, Mapafu na Damu Inayorejea

Moyo wa binadamu una pande mbili, na kila tone la damu ambalo upande wa kushoto hulisukuma kwenda kichwani, mikononi na miguuni huwa limekwisha kupita mapafuni kwa nguvu ya upande wa kulia, hivyo kwamba mapafu hupokea karibu damu yote ya mwili, takriban lita 5 kila dakika mtu akiwa amepumzika. Damu hiyo hupita humo kwa upole mkubwa: wastani wa shinikizo katika ateri ya mapafu ni takriban milimita 15 za zebaki, ilhali katika ateri zinazolisha viungo vingine ni takriban 90. Upole huo ni wa lazima, kwa kuwa ukuta unaotenganisha damu na hewa katika vifuko vya hewa, yaani vile vijumba vidogo mwishoni mwa njia za pumzi, una unene usiofika hata nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, na ukuta mwembamba kiasi hicho hupitisha oksijeni kwa urahisi lakini hauwezi kuzuia maji pindi shinikizo linapozidi au pindi seli zinazoujenga zinapojeruhiwa. Mapafu yaliyojaa maji huweza kumzamisha mtu akiwa nchi kavu, kileleni mwa mlima au kitandani hospitalini, na katika hali zote mbili gesi moja ndogo, naitriki oksaidi, imo ndani ya habari hiyo, wakati mwingine kama mwokozi na wakati mwingine kama mshiriki wa madhara.

Miteremko ya Kilimanjaro ina mfano mzuri wa namna damu inavyogawanywa mapafuni, nao ni mfongo, mfereji wa asili wa Wachaga unaoteka maji kwenye kijito cha msituni na kuyashusha kwa mteremko mdogo hadi kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Mfongo mkuu hugawanyika katika vijifereji, na kila kijifereji kina mahali pa kuzibia, ambapo mwenye zamu huweka udongo, mawe na magome ya mgomba ili maji yaende kwa jirani, kisha huondoa kizibo zamu yake ikifika. Ukiziba matawi mengi kwa wakati mmoja na maji ya kijito yasipungue, yale matawi machache yaliyobaki wazi hufurika na kubomoa kingo. Tena, mfongo uliokauka kwa muda mrefu hupasuka udongo wake, na maji yakifunguliwa kwa kishindo huingia kwenye nyufa, hubeba matope na huharibu kile yalichokuja kukinywesha. Madhara hayo mawili, la kufurika na la kurejea, ndiyo hasa yanayotokea mapafuni, na ni muhimu yasichanganywe, kwa kuwa tiba zake hazifanani.

Vizibo vya mapafu viligunduliwa kisayansi mwaka 1946, wanafiziolojia wawili wa Uswidi, Ulf von Euler na Göran Liljestrand, waliporipoti kwamba paka waliovutishwa hewa yenye oksijeni haba walipandwa na shinikizo katika ateri ya mapafu, kwa sababu mishipa midogo ya mapafu hujibana inapokosa oksijeni, kinyume kabisa na mishipa ya misuli au ya ubongo ambayo hutanuka. Kinyume hicho kina hekima ndani yake. Mtu mwenye nimonia katika sehemu moja ya pafu hafaidiki damu ikipita kwenye vifuko vilivyojaa usaha, basi mishipa ya sehemu hiyo hujibana na damu huelekezwa kwenye sehemu zenye hewa, kama vile mwenye zamu anavyoacha kupeleka maji kwenye shamba lisilo na mazao.

Mlimani hekima hiyo hugeuka kuwa hatari. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban nusu ya lile la Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi huingiza takriban nusu ya oksijeni, na upungufu huo hauwi wa kona moja ya pafu bali wa pafu zima. Vizibo vyote huanza kufungwa kwa pamoja ilhali moyo unaendelea kusukuma, tena kwa kasi kubwa zaidi kwa kuwa mtu anapanda. Na kwa kuwa mishipa haijibani kwa usawa, damu hukimbilia matawi yaliyobaki wazi kwa shinikizo linaloweza kuwa zaidi ya mara mbili ya lile la kawaida. Kuta za mishipa hiyo midogo huvuja, kwanza maji na protini, kisha hata seli nyekundu za damu. Huu ndio ugonjwa wa mapafu kujaa maji kwa sababu ya mwinuko, ambao Charles Houston wa Marekani aliueleza mwaka 1960 na kuutenganisha na nimonia na kushindwa kwa moyo, magonjwa ambayo kwa miaka mingi yalitupiwa lawama isiyo yake.

Njia ya Marangu inaonyesha kwa nini Kilimanjaro huwa mkali kwa mapafu kuliko milima mingine inayohitaji kamba na shoka za barafu. Kibanda cha Mandara kiko kwenye mita 2,720, Horombo kwenye mita 3,720 na Kibo kwenye takriban mita 4,700, maana yake kila siku ya kupanda huongeza karibu mita 1,000 za mahali pa kulala, ilhali ushauri wa kitabibu ni kwamba juu ya mita 3,000 mtu asiongeze zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku mmoja. Mlima unaopandika kwa miguu humfikisha mtu haraka mahali ambapo mapafu yake bado hayajafika. Tafiti kadhaa zilizofanywa njiani zimekuta zaidi ya nusu ya wapandaji wana dalili za maradhi ya mwinuko, na ingawa wengi wao huishia kwenye kichwa kuuma na kichefuchefu, mapitio ya vifo vya watalii waliofia mlimani kati ya Januari 1996 na Oktoba 2003 yalihesabu vifo 25, ambapo 14 vilitokana na maradhi ya mwinuko yaliyokomaa, ya mapafu, ya ubongo au ya vyote viwili. Hesabu hiyo ilikuwa ya watalii. Wapagazi, wale ambao mlimani wenyewe huitana wagumu, na ambao hubeba mahema, majiko na vyakula vya wageni kwa ujira mdogo, hawakuwamo, na kutokuwamo kwao ni dosari inayostahili kutajwa wazi kila takwimu hizi zinaporudiwa, kwa sababu mapafu ya mtu aliyezaliwa Uru au Rombo, kwenye mita 1,500, hayana kinga ya kurithi dhidi ya mita 4,700.

Dalili za ugonjwa huu huanza kwa namna inayodanganya. Mgonjwa, mara nyingi katika usiku wa pili hadi wa nne akiwa juu, huchelewa nyuma ya wenzake, hukohoa kikohozi kikavu, na huhema hata anapoinama kufunga kamba za viatu. Kisha huanza kuhema akiwa amelala, midomo na kucha huwa za rangi ya samawati, kifua husikika kikichakarika kama karatasi inayokunjwa, na mwishowe makohozi hutoka yakiwa na povu la rangi ya waridi, ambalo rangi yake ni damu iliyovuka ule ukuta mwembamba.

Kwa nini basi wapandaji wawili wenye umri mmoja, waliotoka lango moja siku moja, hutofautiana kiasi kwamba mmoja hufika Uhuru na mwingine hushushwa akiwa mahututi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika gesi ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Mwaka 1980 Robert Furchgott, akifanya kazi New York, alionyesha kwamba kipande cha ateri ya sungura hulegea kikiwekewa asetilikolini, lakini kipande hichohicho kikikwanguliwa utando wake wa ndani, uitwao endothelia, hakilegei tena, jambo lililomaanisha kwamba utando huo hutoa kitu kinachouamuru msuli wa mshipa ulegee. Kitu hicho kilitafutwa kwa miaka saba, kwa kuwa huishi sekunde chache tu kabla ya kutoweka, na mwaka 1987 Salvador Moncada na wenzake mjini London, na kwa upande mwingine Louis Ignarro nchini Marekani, walithibitisha kuwa ni naitriki oksaidi, molekuli yenye atomi moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Furchgott, Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998. Gesi hii isichanganywe na naitrasi oksaidi, ambayo hutumika kwenye vyumba vya upasuaji kupunguza maumivu na kulaza mgonjwa.

Mwili hutengeneza naitriki oksaidi kutokana na ajinini, mojawapo ya asidi amino zinazopatikana kwenye vyakula vya protini kama maharage, karanga na nyama, kwa kutumia kimeng'enya ambacho hakifanyi kazi bila oksijeni. Gesi ikishatengenezwa hupenya hadi kwenye msuli wa mshipa, huamsha kimeng'enya kingine, na kwa mlolongo huo msuli hulegea na mshipa hutanuka. Hapo ndipo mlima unapoonekana kuadhibu mara mbili: oksijeni inapopungua mishipa ya mapafu hujibana, na wakati uleule malighafi inayohitajika kutengeneza kilegezo chake nayo hupungua. Watafiti waliowapima watu waliowahi kujaa maji mapafuni mlimani walikuta kwamba wakiwa juu hutoa naitriki oksaidi kidogo katika pumzi zao kuliko wenzao, na mwaka 1996 Urs Scherrer na wenzake, wakifanya kazi katika kibanda cha Capanna Regina Margherita kilicho mita 4,559 katika milima ya Alps, waliwavutisha watu wa namna hiyo gesi hii na kuona shinikizo la ateri ya mapafu likishuka na oksijeni ya damu ikipanda. Kwa upande wa pili, utafiti wa Cynthia Beall uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba Watibeti, ambao mababu zao wameishi mita 4,000 juu kwa maelfu ya miaka, hutoa gesi hii kwa wingi kuliko watu wa nyanda za chini. Maumbile yao yamefungua vizibo ambavyo kwa wengine hubaki vimefungwa.

Kwa kusoma hadi hapa mtu angeweza kuhitimisha kwamba naitriki oksaidi ni dawa ya kila pafu lililojeruhiwa, na kwa miaka kadhaa madaktari wengi walitumaini hivyo. Lakini lile dhara la pili la mfongo, la maji yanayorejea kwenye udongo uliokauka, lilikuja kuyatia matumaini hayo breki.

Kiungo kinapokatiwa damu kwa muda, seli zake hutumia akiba ya nishati hadi inakwisha, na mabaki ya matumizi hayo hurundikana pamoja na vimeng'enya vilivyobadilika tabia. Damu inaporudi, oksijeni inayokuja nayo hukutana na mabaki hayo na kuzalisha supaoksaidi, aina ya oksijeni iliyobeba elektroni ya ziada na yenye ukali wa kuunguza chochote kilicho karibu. Seli nyeupe huvutiwa mahali hapo kana kwamba kuna vijidudu, kuta za mishipa huvimba, na maji huanza kuvuja saa chache baada ya kile kilichoonekana kuwa uokozi. Mapafu yana upekee hapa, kwa kuwa hata damu ikikatika, hewa iliyomo kwenye vifuko huendelea kuzipatia seli oksijeni, na bado seli za endothelia hujeruhika, kwani zimezoea kuguswa na mtiririko wa damu mchana na usiku, na mtiririko ukisimama huanza zenyewe kuzalisha kemikali hizo kali. Wapandikizaji wa mapafu hulijua jambo hili vizuri mno: pafu lililotolewa kwa marehemu, likapoozwa kwenye barafu na kuunganishwa kwa mgonjwa, linaweza kujaa maji katika siku tatu za mwanzo ingawa mshono wa upasuaji hauna kasoro.

Naitriki oksaidi ikiwapo katika dakika hizo, inaweza kutanua mishipa, kuzuia chembe sahani zisigande na kuzuia seli nyeupe zisinate ukutani, yote yakiwa mema. Inaweza pia kukutana na supaoksaidi, na mbili hizo huungana kwa kasi kubwa kuliko karibu mmenyuko wowote mwingine mwilini, zikitengeneza peroksinaitriti, ambayo huharibu mafuta ya kuta za seli, protini na vinasaba. Kiasi, mahali na wakati ndivyo huamua gesi itakuwa upande gani. Jaribio lililofanywa Toronto, mji ambako upandikizaji wa pafu ulifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1983, liliwapa kwa bahati nasibu baadhi ya wagonjwa waliopandikizwa gesi hii muda mfupi baada ya damu kurejeshwa na wengine wakapewa hewa isiyo nayo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba haikuzuia jeraha la mapafu. Hospitali nyingi ziliendelea kuithamini kwa kazi nyingine, hasa kwa watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imekataa kufunguka baada ya kuzaliwa, matumizi yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999. Lakini hata hapo hutolewa kwa kiwango cha takriban sehemu 20 kwa milioni za hewa, huku mashine ikipima naitrojeni daioksaidi, sumu inayozaliwa gesi hiyo inapokaa na oksijeni, na huondolewa polepole kwa sababu ikikatwa ghafla mishipa hujibana upya kwa hasira.

Upandikizaji wa mapafu uko mbali na maisha ya wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, ila jeraha la damu inayorejea liko karibu sana, kwa jina la selimundu. Mtoto mwenye selimundu amerithi kutoka kwa wazazi wote wawili hemoglobini ambayo hujipanga vijiti inapopoteza oksijeni, na seli yake nyekundu hupinda mfano wa mundu, hunata kwenye kuta, huziba mshipa, kisha mshipa hufunguka tena, na mzunguko huo wa kuziba na kufunguka hurudiwa mara zisizo na idadi maisha yake yote. Ni mfongo unaokaushwa na kufurishwa kila siku. Zaidi ya hapo, seli hizo dhaifu hupasuka na kumwaga hemoglobini kwenye majimaji ya damu, na hemoglobini iliyo huru humeza naitriki oksaidi mara inapokutana nayo, kama ilivyothibitishwa na watafiti wa Marekani mwaka 2002. Seli zilizopasuka humwaga pia kimeng'enya kinachoila ajinini, malighafi ya gesi hiyo. Mgonjwa anaachwa na mishipa inayohitaji kulegezwa na mwili usio na cha kuilegezea. Maambukizi au mafuta kutoka kwenye uboho wa mfupa uliokosa damu yakijiongeza juu ya hali hiyo, pafu hushindwa kwa saa chache, na hali hiyo, iitwayo shambulio la kifua, ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wenye selimundu.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, ikikadiriwa kuwa 11,000 au zaidi kila mwaka, na mgawanyo wake umefuata mwinuko wa nchi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua katika safari ya kisayansi ya mwaka 1949 kwamba kinasaba hicho kilikuwa kingi Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria na haba katika nyanda za juu, na mwaka 1954 alitoa ushahidi kwamba mwenye nakala moja tu ya kinasaba hukingwa dhidi ya malaria. Mbu wa malaria hawastawi kwenye baridi ya vihamba vya juu kama wanavyostawi kwenye tambarare. Malaria yenyewe hurudisha habari kwenye gesi ileile: utafiti uliofanywa kwa watoto wa Dar es Salaam na kuchapishwa na Nicholas Anstey na wenzake mwaka 1996 ulikuta kwamba kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo uzalishaji wa naitriki oksaidi mwilini ulivyokuwa mdogo.

Mantiki ilidai kwamba wenye selimundu wavutishwe gesi wanayoikosa. Jaribio kubwa lililotolewa taarifa mwaka 2011 lilifanya hivyo kwa wagonjwa waliokuwa kwenye maumivu makali, na maumivu hayakuisha mapema zaidi. Kilichofanikiwa ni kidonge cha haidroksiyurea, ambacho huongeza hemoglobini ya kichanga, aina isiyojipanga vijiti, na hivyo kupunguza kupinda, kuziba na kupasuka kwa seli tangu mwanzo. Jaribio la Marekani la mwaka 1995 lilionyesha kwamba hupunguza mashambulio ya kifua kwa watu wazima, na utafiti uliofanywa kwa watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wa Afrika hukitumia kwa usalama, wakipata maumivu machache, malaria chache na vifo vichache. Kuzuia mfongo usikauke kumefaa kuliko kutafuta namna ya kuufungulia maji. Familia yenye mtoto wa selimundu ina haki ya kuuliza kliniki kuhusu kidonge hiki, na mtoto huyo akipata homa pamoja na maumivu ya kifua au kuhema haraka asisubiri asubuhi, kwa kuwa oksijeni, antibiotiki na damu ya kuongezewa hufanya kazi vizuri zaidi zikiwahi.

Mlimani hali ni nyingine, na kwa namna fulani ni ya matumaini zaidi. Jeraha la pafu la mwinuko kwa sehemu kubwa ni la shinikizo, seli hazijafa njaa kwa saa nyingi, na oksijeni ikirudi vizibo hufunguka, shinikizo hushuka, na vifuko vya hewa huanza kufyonza maji yake. Mgonjwa aliyekuwa akitoa povu huweza kutembea mwenyewe baada ya siku chache, na picha ya eksirei huonyesha mapafu yaliyosafika. Nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, hulegeza mishipa ya mapafu, na sildenafili, inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra, hulinda ujumbe wa naitriki oksaidi usifutwe haraka. Dawa hizo, pamoja na mtungi wa oksijeni, hununua muda tu, na kosa linalogharimu maisha ni kuzitumia ili kuendelea kupanda. Haifai pia kumpa mgonjwa nafasi ya kulala aone kama kutakucha salama, kwa kuwa usingizini pumzi hupungua na oksijeni hushuka zaidi.

Kwenye njia ya Marangu hutumika machela ya chuma yenye gurudumu moja katikati, ambayo mgonjwa hufungwa juu yake kwa mikanda, huku wagumu wakishika mipini mbele na nyuma na kukimbia nayo juu ya mawe, usiku, kwa mwanga wa taa za kichwani. Kutoka Kibo hadi Horombo ni mteremko wa karibu mita 1,000, kiasi kilekile ambacho madaktari hukitaja kuwa cha chini cha kumshusha mtu mwenye maji mapafuni, na hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, iko chini zaidi ya hapo kwa takriban mita 2,800. Mgumu anayekohoa na kuhema hemani anastahili machela hiyo saa ileile ambayo mgeni wake angepewa.